Alhamisi ya Kuvuka Mto

Sokoni Owino, Ijumaa

Afande,

Barua zote ulizonituma niziandike kwa niaba yako, zile za kuwaomba wakubwa wa kambi glavu mpya na kamba za ulingo, ulitaka zianze na "natumai u mzima wa afya." Hii siwezi kuianza hivyo. Naianza na habari yenyewe: jana, mbele ya kambi nzima, niliukataa mto wako. Aber, binti yako, hakuvuka. Na kesho anapigana.

Kasirika kwanza. Nangoja.

Baba yangu alinikuta hapa kibandani na karatasi, akauliza namwandikia nani. Nilipomjibu, alisema maiti huombewa dua, haandikiwi barua. Nikamwambia dua nimeshakuombea, ila kwenye dua mtu hawezi kubishana, na mimi na wewe tuna ubishi haujaisha. Mzee akaguna, akaenda zake msikitini. Basi nimetundika viatu vya mitumba mbele yangu kama pazia. Wateja wanaviinua, wanavikunja soli, wanavirudisha, na mimi naandika. Mama Aber anasafiri wiki ijayo kwenda kwenu Kitgum kusimamia ujenzi wa kaburi lako, na nimemwomba aichukue barua hii. Hakuuliza ina nini.

Nilitaka kukueleza mambo kwa utaratibu, lakini simu ya Aber inaita na hapokei. Nimepiga asubuhi, nimepiga adhuhuri. Kama kesho hatakuja kupimwa uzito, nafasi yake ya kuingia timu ya taifa imekwenda, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeipoteza. Kila nikifikiri hivyo nashika simu, napiga tena.

Ukumbi upo palepale nyuma ya bweni la askari wasio na wake. Bati linavuja palepale, na ringi ya gari uliyoitundika iwe kengele yetu bado inaning'inia kwenye boriti. Kilichobadilika ni watu. Tuliporudi kutoka kukuzika, vijana walikutana bila kuniita, wakaapa kukulilia kwa jasho. Wenzao huomboleza kwa kukaa kwenye mkeka, hawa waliomboleza kwa kukimbia. Asubuhi hadi Luzira na kurudi, jioni gunia mpaka mikono haiinuki, na Jumapili vilevile. Aliyepumzika alionekana kama hakukupenda. Mwanzoni hata mimi machozi yalinitoka nikiwatazama. Nani atamwambia mfiwa asilie?

Lakini mwili haujui matanga, Afande. Mwili unajua umechoka. Wiki zilivyosogea nikaanza kuyaona yale niliyokuwa nikiyaona hata ulipokuwa hai, ila sasa yote kwa pamoja. Walinzi wanatoka zamu hawajalala wanaingia ulingoni. Wa bodaboda anashuka kwenye pikipiki na kurukia gunia mwili ukiwa bado baridi, kisha anashangaa bega linamuuma. Mmoja anakula roleksi yake langoni, chapati na mayai na nyanya, hajafuta mdomo ameshashika kamba ya kuruka, na baada ya muda yuko nyuma ya ukumbi anairudishia ardhi chapati yake. Mwingine anaegemeza simu ukutani imrekodi, halafu anapiga gunia macho yakiwa kwenye simu, kidevu juu kama bwana harusi anayepigwa picha. Na kila wakipambanishwa wawili wawili kwa mazoezi, inakuwa vita. Hakuna anayejifunza kitu, kila mtu anataka kushinda. Ngumi ni nyingi, zinasikika hadi majikoni kwa watu, lakini uzito hazina.

Nikaanza kuzuia kidogo kidogo. Simu nikazipiga marufuku. Gunia nikasema halipigwi mpaka mtu ameruka kamba na kunyoosha viungo jasho likamtoka. Kisha nikaleta jerikeni ya maji. Wewe ulisema maji ni ya samaki, na miaka yote tulimeza mate yetu tu. Sajini Drani, rafiki yako, aliitazama ile jerikeni kama nimeleta pombe kutoka vilabu vya Kabalagala. Aliisukuma kwa mguu mpaka nje ya mlango. Nikairudisha. Kesho yake akaisukuma tena. Tumekuwa hivyo, watu wazima wawili na jerikeni yetu, na hakuna aliyefungua mdomo.

Najua ungenitania. Uliniita Mswahili kwa ajili ya babu zangu waliotoka pwani na kwa ajili ya hiki Kiswahili changu cha madrasa. "Mswahili, maneno mingi, ngumi kidogo." Ni kweli, ngumi zangu zilikuwa kidogo, ndiyo maana ulinivua glavu ukanifanya msaidizi wako. Lakini macho ulinipa wewe. Ulinisimamisha kwenye kona ya ulingo ukaniambia nisitazame ngumi, nitazame miguu na mabega, kwa sababu ngumi inadanganya. Macho hayo ndiyo yaliyoniletea balaa la jana.

Sasa nikueleze habari za Aber, maana ndiye unayetaka kumsikia.

Wote walikulilia kwa mazoezi, yeye akawazidi. Wenzake wakirudi kutoka Luzira wanaketi, yeye anageuka anakwenda tena. Chini ya traksuti anajifunga kaveera, karatasi za nailoni kiunoni na mapajani, ili atoke jasho na kushusha kilo. Nilimwambia anachoshusha ni maji, jioni akinywa yanarudi, na kinachobaki ni kizunguzungu. Alinijibu kwamba wewe ulifanya hivyohivyo. Na hapo hoja inakwisha. Kila nikisema neno, Aber ananijibu kwa neno lako, na mimi siwezi kupigana na wewe, uko mbali sana.

Kitu kingine. Unakumbuka alivyokuwa akija ukumbini mikono mitupu, anakunyooshea, nawe unamfunga bandeji ukiimba puani ule wimbo wako usio na maneno? Tangu tukuzike anakuja ameshajifunga nyumbani. Nilidhani ni uchungu, kwamba hawezi kuvumilia mikono ya mtu mwingine mahali pa yako. Nikamheshimu, sikumgusa. Jumatano hii nikamshikia pedi. Ngumi ya kushoto ilikuja safi. Ya kulia ilikuja imechelewa, bega likijivuta nyuma kabla haijafika, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba asiyotaka kuingia. Nikamrudishia pedi palepale. Vilevile. Nikaweka pedi chini, nikamwambia afungue bandeji.

Alikataa. Nikawatoa wengine wakakimbie uwanjani. Akafungua akiwa amegeuzia uso ukutani. Afande, vifundo viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba mpaka lile bonde katikati yake halionekani. Alikuwa akipiga gunia na mkono ule kila siku, akiuficha ndani ya bandeji, na usiku anaukanda kwa maji ya moto ilhali uvimbe unataka baridi.

Akaniambia, "Kocha, usiambia mutu. Kesho mimi lazima navuka. Baba alisema."

Nilimwahidi kwamba sitasema. Ahadi hiyo sikuwa na budi kuitoa. Mkono mbovu wa bondia ukijulikana kambini leo, kesho asubuhi mpinzani wake anao mezani pamoja na chai. Lakini kuhusu kuvuka sikumjibu.

Kisa chako cha kuvuka mto nani asiyekijua? Kila Alhamisi kabla ya pambano la mtu ulikisimulia. Ulikuwa kuruti, mwembamba, umetoka kaskazini na shati moja. Mabondia wote wa kambi walipanga mstari, wakapanda ulingoni kukukabili mmoja baada ya mwingine, kila mtu raundi yake, na wewe hukupewa nafasi ya kushuka. Hukuanguka. Walikubeba mabegani wakakuzungusha kambi nzima, wanawake wakapiga vigelegele, na mkubwa wa kambi akakuvulia kofia. Ukasema hapo ndipo ulipovuka mto, na kwamba asiyevuka Alhamisi asiende kupigana Jumamosi. Ulipokuwa mwalimu ukaifanya sheria. Watu wakaipenda, maana burudani haina kiingilio. Hadi leo kuna wamama wanaoacha maharage motoni kuja kutazama mtu akivuka.

Mimi nilikuwa nikigonga ringi, nikitazama miguu na mabega. Niliona waliovuka vizuri Alhamisi ndio walioaibika Jumamosi. Unamkumbuka Kato? Alivuka mpaka watu wazima wakalia. Siku ya pambano akasimama ulingoni kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Ulisema waamuzi wamekula rushwa. Mwingine ulisema karogwa. Mimi nilinyamaza. Nani angekubishia?

Na mwisho kabisa, hospitali. Ulinishika kifundo cha mkono, na kwa mgonjwa ulikuwa na nguvu za kutisha. Ukasema, "Salimu. Hata mimi iko kwa udongo, Aber navuka. Munasikia?" Nikasema ndiyo, Afande. Mtu anamjibu nini mgonjwa?

Basi jana. Mapema alasiri watu walishajaa. Madirishani vichwa, mlangoni vichwa, vijana juu ya matangi ya maji. Walikuja wengi kuliko siku zote kwa sababu ilikuwa ni wewe wanayekutazama kwa mara ya mwisho, si Aber. Mabondia walipanga mstari. Sajini Drani alikuwa amevaa sare yake iliyopigwa pasi. Mama Aber aliketi mbele kwenye benchi, mtandio wake mweupe wa ujane kichwani. Aber alikuwa ulingoni tayari, glavu zimefungwa, anarukaruka, na kila akitua naona anaubana ule mkono wa kulia ubavuni.

Wote wakanitazama. Bolti ya kugongea ringi ilikuwa mkononi mwangu.

Sikugonga.

Hakuna aliyeelewa kwanza. Walidhani nangoja jambo fulani, labda sala. Nikasema leo hakuna kuvuka, Aber atapumzika hadi Jumamosi, ahsanteni kwa kuja. Nilisema taratibu lakini sauti ilinitoka nyembamba. Manung'uniko yakaanza nyuma yakaja mbele. Mtu akauliza kwa nini. Na Afande, nilikuwa na jibu moja tu la kweli, nalo lilikuwa ndani ya ile glavu. Ningelisema, wangenielewa wote, na Aber angekuwa amekwisha. Nikasema mazoezi si mahali pa kushindia, mtu akimaliza nguvu hapa kule ataenda na nini. Wakanizomea. Kijana mmoja akasema Mswahili anaogopa damu.

Sajini Drani akaja mpaka nilipo akanyoosha mkono. "Leta hiyo kitu. Kama wewe hapana gonga, mimi nagonga." Hakuwa na ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa anakulilia kama wengine. Nikaficha bolti nyuma ya mgongo kama mtoto. Aber akasimama kwenye kamba akasema kwa sauti ya chini, mimi peke yangu nikasikia, "Gonga, Kocha. Tafadhali." Mstari ukaanza kusogea. Wa kwanza alishaweka mguu kwenye ngazi ya ulingo. Nakwambia kweli, nilikuwa karibu kuitoa ile bolti. Jasho lilikuwa linanitiririka kwapani, na nilikuwa naisikia sauti yako ya hospitali.

Hapo Mama Aber akainuka.

Unamjua mkeo. Hapandishi sauti hata akiita kuku. Akamwambia Drani aketi, na Drani akaketi chini sakafuni na sare yake. Kisha akasema, na ninakuandikia maneno yake kama yalivyotoka:

"Drani, wewe ulikuwa bado hujakuja hii kambi. Mimi nilikuwa. Hiyo Alhamisi yake munajua wote. Jumamosi yake nani anajua?"

Afande, mimi niliyeandika barua zako zote na kukisikia kile kisa mpaka nikakijua kwa moyo, nikatambua pale pale kwamba Jumamosi hukuwahi kuitaja. Kisa kilikwisha ukiwa mabegani mwa watu. Hakuna aliyewahi kukuuliza ulipigana na nani siku ile, wala ikawaje.

"Nilitoroka kwa baba yangu nikakuja kuangalia yeye," akasema. "Mikono yake ilikataa kupanda. Alianguka raundi ya kwanza, hata jasho haijatoka. Watu walienda nyumbani. Mimi nilikuta yeye nyuma ya stoo, analia kama mutoto, nikashika kichwa yake. Ndiyo hiyo siku nilisema, huyu ni bwana yangu. Si Alhamisi." Akafunga mtandio wake vizuri. "Mukitaka kuvusha mutoto yangu, munivushe mimi kwanza."

Kijana aliyeweka mguu kwenye ngazi akautoa. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wale wa juu ya matangi wakashuka, wamama wakakumbuka maharage. Drani alibaki sakafuni, akitazama ile ringi.

Unadhani Aber alinishukuru? Alishuka ulingoni akanikata jicho. Akasema, "Umeniaibisha. Kesho kutwa nitaingia kama mutu ambaye hana baba." Akaondoka na glavu zake mikononi. Tangu hapo sijamsikia. Mama yake ananiambia yuko chumbani, amejifungia, na hajakimbia leo. Hiyo ya kutokukimbia ndiyo habari njema pekee niliyonayo.

Sasa nieleze. Nimeukataa mto wako kwa sababu nilikuwa sahihi, au kwa sababu nilikuwa mwoga tangu zamani na jana nikapata kisingizio? Akipoteza kesho watasema ni kwa sababu hakuvuka. Watasema milele. Na Aber mwenyewe atasema, hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Nafunga kibanda. Nitaendelea nikijua mwisho.

Jumamosi, mlangoni mwa ukumbi wa mashindano

Wameanza kupima uzito. Wasichana wa uzito wake wamekwisha kuitwa mara moja. Hajafika. Nimeulizwa mtu wangu yuko wapi, nimesema yuko njiani. Sijui yuko wapi.

Mpinzani wake yupo. Mrefu, midomo imemkauka mpaka inapasuka. Walimu wake wamemvisha traksuti mbili na anaruka kamba juani, nadhani bado ana gramu za kupunguza. Anaruka vizuri sana. Anaruka vizuri mno kwa mtu ambaye pambano lake bado.

Sajini Drani ndiye huyo anakuja. Amebeba kitu.

Jumapili, nyumbani

Afande, alichobeba Drani ni jerikeni. Imejaa maji, kifuniko kimefungwa na karatasi ya nailoni safi. Akaiweka miguuni pangu, akasimama kando yangu kama mlinzi wa benki. Nilitaka kucheka nikashindwa. Nyuma yake walikuwa Mama Aber na Aber.

Alipita kwenye mizani bila tatizo. Alikuwa amelala, mama yake alisema, amelala tangu Alhamisi usiku hadi Ijumaa mchana, akaamka akala uji na ndizi, akalala tena. Uso wake ulikuwa umejaa, sikuwa nimeuona hivyo tangu ulipougua. Daktari wa mashindano aliubonyeza mkono wake, akamwambia akunje ngumi, akunjue, akunje tena. Uvimbe ulikuwa umeshuka kwa mapumziko, lile bonde limerudi. Akamruhusu, akamwonya.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nilikuwa nimeinamia mfuko wa vifaa nikijifanya natafuta kitu. Sikutaka kumtazama. Nilipoinua kichwa alikuwa ameketi mbele yangu kwenye benchi, na mikono yake ilikuwa mitupu. Akaninyooshea.

Nikamfunga kama ulivyonifundisha, kiganja kwanza, kisha vifundo, kidole gumba mwisho. Ule mkono wa kulia niliufunga polepole, nikimtazama usoni kila nikizungusha, na safari hii aliniambia panapouma. Hilo tu, Afande. Aliniambia panapouma. Wewe ukimaliza ulikuwa unampiga kofi dogo kiganjani. Hilo sikulifanya, nimekuachia wewe. Nadhani alilingoja, maana mikono ilibaki imenyooka kidogo baada ya mimi kumaliza.

Nilimwambia ule wa kulia auweke nyumbani hadi raundi ya mwisho. Afanye kazi na wa kushoto na miguu.

Raundi ya kwanza alipoteza, nisikufiche. Yule mrefu alimfikia kabla hajajipanga. Nilisikia nyuma yangu mtu wa kambi akisema, si mnaona, hakuvuka. Ya pili ilikuwa sawa kwa sawa. Alipokuja konani nilimpa maji ya Drani asukutue na kumeza kidogo, nikatazama miguu yake. Miguu ilikuwa hai. Nikatazama upande wa pili, mabega ya yule mrefu yalikuwa yameanza kushuka, mdomo wazi. Nikajua na wao wana mto wao huko kwao, wameuita jina lingine tu.

Raundi ya tatu Aber alitoka kama ndiyo kwanza anafika. Yule mtoto wa watu mikono ilimkataa kupanda. Nilikumbuka maneno ya mkeo, nikamhurumia, wallahi, nikiwa palepale natamani aanguke. Aber akaachia ule wa kulia. Mara moja. Haukuchelewa, bega halikujivuta nyuma, ulifika. Kisha tena mara moja, karibu na mwisho. Msichana hakuanguka, lakini mwamuzi alimhesabia, na kengele ikalia akiwa ameshika kamba.

Majaji walikuwa watano. Watatu wakampa Aber.

Drani alilia mbele ya watu na sare yake. Vijana walitaka kumbeba Aber mabegani, akawakatalia, akasema miguu anayo. Alimwendea mama yake. Mama Aber hakupiga kigelegele. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, nadhani kama alivyokushika wewe nyuma ya stoo, akaniambia mimi juu ya bega la binti yake, "Baba yake alipata Alhamisi. Huyu amepata Jumamosi."

Nimerudi nyumbani nikalala bila kuvua viatu. Leo nimeamka na hasira imekwisha, ndiyo maana naweza kukuaga.

Sikuombi radhi kwa ile bolti. Ningekuwa na siku ile tena nisingegonga tena. Ila nilikuwa nimekukasirikia kwa jambo moja, na nalisema ili lisibaki: kwa nini ulituficha Jumamosi? Tungekupenda vilevile. Kato angekupenda zaidi, amekaa miaka akidhani ni yeye peke yake aliyevuka halafu akazama. Jana jioni nilimpigia simu nikamsimulia. Aliuliza kama kweli ulilia. Nikamwambia kweli. Akasema ahsante.

Basi pumzika, Afande. Kaburi lako litajengwa vizuri, Mama Aber hakubali kazi ya ovyo, na Aber atakuja mwenyewe kukuona mkono ukipona. Mimi nakuahidi hivi. Ringi nitaigonga mazoezi yakianza na yakiisha. Alhamisi kabla ya pambano ukumbi utafungwa, na ufunguo atashika Drani, ameuomba mwenyewe. Na kisa chako hakitakufa. Nitawasimulia watoto wote watakaokuja, shati moja, mstari wa mabondia, kofia ya mkubwa wa kambi. Ila sitakiishia mabegani. Nitawapeleka hadi nyuma ya stoo, wakuone unalia, na msichana mmoja aliyetoroka kwao amekushika kichwa.

Msaidizi wako,
Salimu